Asili na Fasili: Shina Lisipogawiwa Hukauka Katikati

Mwaka jana tuliuza nyumba ya marehemu mama yetu. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya watu wetu wa Mji wa Kale hapa Mombasa: ukumbi mbele, vyumba ubavuni, na nyuma ni uani, penye jiko, kisima cha maji ya chumvichumvi, migomba mitatu, na kichaka cha mchaichai kilichoota kando ya mfereji wa maji ya kutawadhia. Aliyeinunua alitaka kiwanja, si nyumba. Sote tulijua kwamba haitapita miezi miwili ila patasimama ghorofa.

Tu ndugu watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Msomaji aliyeonja elimu ya mirathi amekwisha kufanya hesabu kabla sijamaliza sentensi. Baba alitangulia, na wazazi wa mama walitangulia zamani, kwa hivyo mali ni mafungu manane: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Hesabu ni nyepesi na haki yake haina mjadala. Uzito uko kwingine. Nyumba haikatwi kama mkate, na katika kuiuza ndipo maneno yalipozuka, kuuza lini, kwa bei gani, nani aliyekawia na nani aliyefanya haraka. Mimi na ndugu yangu anifuataye tulifika mahali pa kusemezana maneno ambayo ningependa yasingalitoka kinywani mwangu. Tangu hapo salamu zetu zikawa za mlangoni mwa msikiti tu, naye akienda zake, nami nikienda zangu.

Siku ya kutoa funguo ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha. Tulikuwa tukibeba vilivyobaki alipotokea dada yetu mdogo, mkononi ana karai, jembe na kisu cha jikoni. Akasimama uani akauliza, "Makabati mmegawana, na sahani mmegawana. Mchaichai wa mama je?"

Hapana aliyekuwa na jibu. Tulimwendea shangazi yetu, mwanamke aliyepindukia miaka 80, ambaye alikuwa amekalia kibao mlangoni mwa jiko akituangalia tu. Aliomba ashikwe mkono, akalisogelea lile shina, akalipasua majani kwa fimbo yake. Kwa nje lilikuwa kijani kibichi, limesimama kama duara. Lakini ndani, pale katikati, palikuwa pakavu, pa kijivu, mabua yamekufa yamesimama kama vijiti vya mswaki vilivyotupwa. Ungedhani ni kichwa cha mzee mwenye upara.

"Mama yenu alipokuwa na nguvu," akasema shangazi, "kila mwaka wa pili au wa tatu akilichimbua akaligawa. Nusu ya mtaa huu wamekunywa chai ya mchaichai wake. Tangu alipolala kitandani hapana aliyeligusa. Nyinyi mlidhani mwalitunza, kumbe mwaliua."

Neno hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi leo.

Kwa nini katikati?

Mchaichai ni jamaa ya nyasi. Haukui kwa kurefuka kama mnazi, hukua kwa kupanuka. Kila bua huzaa bua jingine ubavuni mwake, na yale machanga daima huwa upande wa nje, kwenye udongo ambao haujanyonywa. Yale ya zamani hubaki kati, yamebanwa kila upande, mizizi yao imefungamana, maji hayapenyi, na chakula cha udongo kimekwisha. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tatu au wa nne ndipo upara unapoanza, na ukiuacha, duara hupasuka vipande, kila kipande hudhoofika mahali pake.

Tena mchaichai huu wetu ni nadra sana kutoa maua, na mbegu zake si za kutegemewa. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kila shina la mchaichai ulilowahi kuliona uani kwa watu lilitoka katika shina la mtu mwingine. Hakuna uliojiotea. Asili yake ni nchi za Asia ya kusini, na kutoka huko hadi kwenye birika lako umekuja kwa mikono ya watu, mmoja akimkatia mwenziwe. Mahali ambapo watu waliacha kugawana, ndipo ulipokoma.

Kazi yenyewe

Shangazi alitoa amri nasi tukatenda. Nitaieleza kazi kama alivyotufundisha, maana ni kazi ambayo zamani kila mwanamke wa mjini aliijua na leo watoto wetu wengi hawajaiona.

Kwanza, siku moja kabla, shina hunyweshwa maji ya kutosha. Sisi tulikuwa tumesaidiwa na mvua. Pili, majani hukatwa yakabaki urefu wa shibiri moja hivi. Dada yangu aliuona ukatili, lakini kuna sababu: unapong'oa, mizizi mingi hukatika, na mizizi michache haiwezi kuyanywesha majani mengi. Ukiyaacha yote, mmea hukauka huku umesimama. Majani uliyoyakata usiyatupe, ni chai ya wiki nzima.

Tatu, chimba kuzunguka shina, mbali nalo kiasi cha upana wa kiganja, kisha ulinyanyue lote kwa jembe. Likung'ute udongo. Sasa tafuta pale linapotaka kuachana lenyewe, ulivute kwa mikono, na palipokaza utumie kisu. Kila fungu liwe na mabua matatu au manne, na kila bua liwe na mizizi yake. Chagua ya upande wa nje, hayo ndiyo vijana. Ile mizoga ya katikati haina kazi tena ila kuoza ikawa samadi chini ya mgomba.

Nne, usiyaache mafungu juani. Yafunike kwa gunia lililoloweshwa, uyapande siku ile ile, na heri iwe baada ya alasiri jua lipungue. Yapande kwa kina kile kile yalichokuwa nacho, yaachane futi mbili mpaka tatu, ushindilie udongo kwa mguu, kisha umwagie maji. Endelea kunywesha kila siku mpaka uone jani jipya, nalo huchukua kama wiki mbili au tatu.

Ama wakati, mwambao wetu umetupa miwili iliyo mizuri: mvua za masika zinapoanza, na mvua za vuli. Mwenye kugawa shina kati ya kaskazi, jua kali na udongo mkavu, anajitafutia lawama.

Tulihesabu mafungu 14 kutoka shina ambalo tulilidhania limekwisha. Kila ndugu alichukua mawili, kwa sawa, maana hapa hapakuwa na fungu la mwanamume wala la mwanamke. Mawili alipewa shangazi, na mawili akapewa jirani wa ukuta mmoja, ambaye alituambia kwamba wake aliupata kwa mama miaka mingi iliyopita, nao ulikufa.

Mama, binti na mjukuu

Si mchaichai peke yake wenye tabia hii. Mgomba nao, ijapokuwa watu huuita mti, si mti. Hilo tuonalo kuwa gogo ni majani yaliyovikana, na shina la kweli limo ardhini. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu maishani mwake, kisha hufa. Unaoendelea ni watoto wake. Wakulima hodari huacha watatu tu penye shina moja: mama anayezaa, binti anayekua, na mjukuu anayechomoza. Wengine huondolewa wakapandwa kwingine au wakagawiwa watu, la sivyo wote hung'ang'ania chakula kimoja na mikungu ikawa midogo.

Katika kuchagua mtoto wa kupanda, usidanganywe na umbo. Yuko mwenye majani mapana tangu udogoni, anapendeza machoni lakini hakushikamana vyema na mama yake, na nguvu hana. Yuko mwenye majani membamba yaliyosimama kama upanga, huyo ndiye. Mkate kwa jembe kali, umpunguze mizizi, na ile sehemu ya chini umenye kwa kisu mpaka uone nyeupe tupu. Palipo na weusi au vitundu ndipo wadudu walipo. Wataalamu wa kilimo wamefundisha njia nyepesi ya kuongeza: ukimaliza kummenya, mchovye katika maji yanayochemka kwa muda wa sekunde 30, umtoe. Wadudu wa mizizi na mayai ya fukusi hufa, na mche hausikii.

Ndugu wengine wa jamaa hii ni tangawizi na manjano, ambazo hukatwa vipande, kila kipande kikiwa na jicho moja au mawili, na jeraha likaachwa likauke siku moja au mbili kabla ya kufukiwa. Mshubiri nao huzungukwa na watoto wake. Mtoto wa mshubiri hukatwa akawekwa kivulini siku chache jeraha lifunge, kisha hupandwa, na asikimbiliwe na maji.

Lakini lazima niseme na upande wa pili wa jambo. Anayegawa shina hugawa kila kilichomo ndani yake, chema na kibaya. Mtoto wa mgomba si mwana kama wana wetu, mwenye sura ya baba na tabia ya mama. Huyo ni mwili ule ule wa mama yake, umekatwa ukapandwa upya. Ugonjwa unaomuua mmoja huwaua wote. Dunia ilikuwa na ndizi mashuhuri ya biashara ikiitwa Gros Michel, ambayo mashamba yake ya Amerika ya Kati yaliangamizwa na ukungu wa udongo uliojulikana kama ugonjwa wa Panama, hata kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara wakawa wameiacha na kushika ndizi ya Cavendish. Kisha ukungu huo ukazuka na aina nyingine inayoiua Cavendish yenyewe, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba umeonekana Msumbiji, katika pwani hii hii ya bahari yetu. Kwa hivyo kutoa ni kuzuri, ila toa kilicho kizima. Mgomba uliopiga manjano na kunyauka bila sababu usimpe mtu mtoto wake, na jembe lililochimba hapo lioshwe kabla halijagusa kwingine.

Fasila ya mtende

Wasomaji wetu waliokalia mkeka wa chuoni wanaikumbuka ile hadithi ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.), kwamba hata kama Kiyama kinasimama na mtu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda, basi na aupande. Wengi wetu tumeisikia, lakini tukidhani inasemwa mbegu. Neno lililotumika ni fasila, na fasila ni mtoto wa mtende, lile chipukizi linalotoka ubavuni mwa shina.

Mwenye shamba la mitende anajua tofauti. Kokwa ya tende ukiipanda itaota, lakini karibu nusu ya miti itakuwa midume isiyozaa, na hiyo mike haitazaa tende kama za mama yao. Anayetaka tende ile ile hana budi kuchukua mtoto. Mtende hutoa watoto hao katika ujana wake, na mtoto huachwa na mama yake miaka mitatu hadi mitano mpaka apate mizizi yake mwenyewe, ndipo hutenganishwa kwa chuma kikali. Siku hizi ziko maabara zinazozalisha miche kwa kipande kidogo cha mmea, lakini kwa maelfu ya miaka mitende ya Madina, ya Basra na ya Omani iliendelea kwa njia hiyo moja, mtoto kutolewa kwa mama na mtu kumpa mtu.

Na tukumbuke kisa cha Salman al-Farsi (R.A.), kilichomo katika Musnad ya Imam Ahmad. Alikuwa mtumwa Madina, na bwana wake akakubali kumwacha huru kwa sharti la mitende 300 na wakia 40 za dhahabu. Mtumwa atapata wapi mitende 300? Mtume (S.A.W.) akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mtu kwa kadiri yake, mpaka ikatimia. Salman akachimba mashimo, na Mtume akaipanda kwa mkono wake, wala haukufa hata mmoja. Msomaji, hebu itazame hesabu hiyo. Mwenye mitende yake hakupungukiwa hata tende moja, maana yale machipukizi yangebaki ubavuni mwa miti yakiidhoofisha. Lakini yalipokusanywa, yalimtoa mtu utumwani.

Sisi Waswahili twasema juu ya mtu asiyejulikana alikotoka kwamba hana asili wala fasili. Asili ni shina, fasili ni chipukizi litokalo kwake. Twalitumia kama tusi la ukoo, lakini huko uani nimelielewa vingine. Shina lisilotoa fasili, hata liwe la asili gani, mwisho wake ni upara.

Ndoo isiyotobolewa

Sasa niwape mwisho wa kisa changu, ijapokuwa haunipambi.

Mimi nakaa ghorofani. Mafungu yangu mawili niliyapanda katika ndoo ya plastiki nikaiweka roshani, nikajisifu. Sikuitoboa chini. Maji ya masika yakatuama, mizizi ikaanza kuoza, majani yakapiga manjano, nami nikadhani ni kiu, nikazidi kumwagia. Kaskazi ilipofika palikuwa hakuna kitu ila ndoo ya matope makavu. Fungu langu la pesa za nyumba nalo nilikuwa nimekwisha kulitumia zamani. Nikajikuta sina chochote kilichotoka uani kwa mama.

Mwezi wa Februari mwaka huu nilimuuliza dada mdogo. Akanijibu kwamba wake ni mdogo bado, haujafaa kuguswa. Shangazi alikwisha kutangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Dada akaniambia, "Aliye nao mkubwa ni kaka yako wa Likoni. Nenda." Huyo ndiye niliyekuwa nikisalimiana naye mlangoni mwa msikiti.

Nilikawia wiki tatu. Kisha Ijumaa moja baada ya sala nikapanda feri. Nilimkuta barazani kwake. Hatukuzungumza habari za nyumba. Nilimwambia kwamba mchaichai wangu umekufa. Akacheka, akasema, "Wewe tangu udogoni hukuwa na mkono wa kupanda, kaka." Akanionyesha shina lake kando ya ukuta, limejaa. Nikamwambia basi tungoje mvua. Akasema, "Mvua ikinyesha njoo, nitakukatia. Lakini leo chai utakunywa."

Masika yalipoanza nilirudi. Alikuwa ameloweka shina tangu jana yake na gunia lililolowa liko tayari. Alinipa mafungu manne badala ya mawili, na ndoo aliyoitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.

Msomaji wangu, uani zetu zinapungua. Kila mwezi nyumba moja huvunjwa, na pamoja na kuta huzikwa mchaichai, mgomba, mkadi na mrihani ambao hakuna duka liuzalo mfano wake. Usingoje siku ya kutoa funguo. Toka leo ukapasue majani utazame katikati. Ukiona pamekauka, jua kwamba umekaa nalo mno. Ngoja mvua, chimbua, gawa. Mpe jirani, mpe mkwe, mpe hata yule mliyenuniana, na huyo pengine ndiye wa kwanza kupewa, kwa kuwa hujui siku gani lako litakufa ukahitaji kubisha hodi kwake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Shina lisipogawiwa, katikati hukauka,
Kheri lije pasuliwa, wenzako wakalishika,
Kwako likiondolewa, kwa jirani huchipuka,
Mwenye kutoa hupewa, siku lake likitoka.